Maziwa Ndani ya Darubini

Nakafeero alikuwa na uhakika na macho yake kama alivyokuwa na uhakika na jina lake. Kwa miaka kumi na tisa alikaa mbele ya mtumbwi akiwatafutia wageni bulwe, yule korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, katikati ya mafunjo. Lakini tangu waongozaji wagawiwe darubini mpya ndogo mwezi uliopita, wageni kwa macho matupu walianza kumwona bulwe kabla yake. Jana jina lake likabandikwa ubaoni: kuanzia Jumatatu, meza ya kuandikisha wageni. Macho yapumzike.

Aliyebandika ni Ssekitto, mwenyekiti wa waongozaji, na huyo mwenyekiti ndiye aliyemwoa binti yake. Hapo ndipo penye kazi. Kwa mila yao, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, hawatazamani usoni wala hawapeani kitu mkono kwa mkono; anayekiuka atakuja kutetemeka mikono. Mwongozaji mwingine angemkamata mwenyekiti shati akamtia mtumbwini. Nakafeero alisimama nyuma ya banda la makasia, ukuta ukiwa katikati yao, akapaza sauti.

"Mkwe! Macho yangu ni mazima. Mbovu ni hizo darubini zako."

"Mama, darubini ni mpya," Ssekitto akajibu kutoka upande wa pili. "Nilizijaribu mwenyewe dukani. Nikasoma kibao cha kinyozi ng'ambo ya barabara, mpaka namba ya simu."

"Saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

"Ulikuwa umesimama kivulini?"

"Sasa nisimame juani nitafute nini, mama?"

Lubwama, mpiga kasia wake Nakafeero, akaangua kicheko. "Mwenyekiti, kwani bulwe ananyolewa pale?"

Nakafeero hakucheka. Ile meza ilimtia hofu kwelikweli. Kukaa kwenye kiti mchana kutwa akiwaangalia wenzake wakiingia majini, bora angeugua. Lakini hofu hiyo hakuiachia ifike kwenye sauti.

"Kesho saa moja asubuhi wewe panda mtumbwi wako, mimi wangu. Ukimwona bulwe kwa darubini hiyo, nitakaa mezani bila kinyongo."

Watu wote walikuwa wanasikia. Ssekitto angekataaje?

Asubuhi wakaelekea mashariki. Jua lilikuwa limetoka tu juu ya mafunjo, na maji yaling'aa kama mabati mapya. Mitumbwi ikasimama hatua tatu mmoja kutoka kwa mwingine. Nakafeero alijifunika leso kichwani, akageukia pembeni, akaweka darubini yake kikapuni. Lubwama akakining'iniza kikapu kwenye ncha ya kasia refu, akakisogeza taratibu mpaka mtumbwi wa pili.

"Tazama pale penye giza, chini ya mafunjo," Nakafeero alisema. "Jua lenyewe usilielekee, utapofuka kweli."

Ssekitto akaiweka machoni, akaitoa, akaiweka tena. "Mbona kuna vivuli vyeusi vinanichezea?"

"Vitundu vya kuchungulia ni vidogo mno. Jicho likihama kidogo tu, picha imekatika. Mtumbwini nani atakaa kama nguzo? Mimi nashinda nazo kwa muda wa saa nne, nikishuka paji la uso linaniuma. Haya, umeona nini?"

"Ukungu."

"Ukungu gani, bwana?" Lubwama alisema. "Asubuhi yote hii nyeupe!"

"Upo. Pale penye giza pamekuwa kama chai iliyozidi maziwa."

"Shusha darubini," Nakafeero akaamuru. "Tazama kwa macho matupu. Ukungu uko wapi?"

Ssekitto alitazama. Haukuwepo.

"Sasa vua kofia, ikinge juu ya vioo vya mbele, jua lisivipate."

Akafanya hivyo, na maziwa yote yakatoweka. Giza likarudi kuwa giza, na ndani yake kulikuwa na jicho la manjano, kisha mdomo mpana, na samaki aina ya kamongo akipapatika mdomoni.

"Yupo," alinong'ona, halafu akasahau kunong'ona. "Mama, yupo! Amesimama hapo muda wote huu?"

"Tangu tufike. Jua la pembeni likiingia humo linatapakaa ndani ya kioo. Darubini ya maana, hata ukiielekeza karibu na jua, cheusi kinabaki cheusi. Ungeuliza, tungekwambia."

Machozi yakamtoka Nakafeero, akayaacha yatiririke, maana mkwe hana ruhusa ya kumtazama usoni. Alikuwa na furaha. Alisubiri Ssekitto aseme neno kuhusu ile meza.

Ssekitto alikaa chini mtumbwini, kofia mkononi. "Jina lako nitalitoa leo hii, mama. Unisamehe." Akaiinua darubini. "Lakini mzee Kawalya, mwongozaji mwenzako, nilimtoa kazini wiki mbili zilizopita, naye shingoni alikuwa na darubini hizihizi."

"Kawalya si aliacha mwenyewe?" Nakafeero aliuliza.

"Nilimwambia macho yamekwisha. Hakubisha. Alinishukuru kwa kumwambia ukweli. Sasa nasikia anatembea na fimbo, anashikwa mkono hata kwenda shambani."

Lubwama alilishusha kasia. Nakafeero akasahau leso, akasahau na upande aliopaswa kugeukia, akamtazama mkwe wake usoni.

"Geuza mtumbwi," alisema. "Nenda kamwambie anaona."