Upepo Ndani ya Springi

"Ruka tena," alisema Fundi Kimya. "Haya, shuka. Sasa tazama."

Kitinda aliruka chini kutoka kwenye bampa ya nyuma, akageuka kutazama. Gari liliendelea kucheza peke yake, juu, chini, juu, chini, kama limesikia ngoma ambayo wengine hawaisikii.

"Shokapu nzima hutulia hapo hapo," alisema fundi. "Hizi zenu zilikufa zamani. Sema hamjazizika tu."

Aliitwa Fundi Kimya kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta kimya. Alikuwa ametandika turubai sakafuni katikati ya gereji, na juu yake amepanga springi na shokapu mpya, nyekundu, nyeusi na bluu, ziking'aa kama vyombo vya bibi harusi. Kitinda alizitazama moyo ukimdunda. Alikuwa msichana wa maneno machache, lakini vitu vya chuma vilivyotengenezwa vizuri vilimpa furaha ambayo hakujua aipeleke wapi.

"Mkinisikiliza mimi," fundi aliendelea, "ningewainulia gari hili mpaka watu wageuze shingo. Lisimame juu kama twiga!"

"Na mwanangu apandie ngazi?" aliuliza Dada, mkubwa wake Kitinda.

Gari lenyewe waliliita Kiboko. Lilikuwa kubwa, la kijivu, pana la makalio, na lilikuwa la mama yao kabla macho hayajaanza kumchosha. Siku alipoacha kuendesha, Mama aliwapa binti zake wawili gari moja na ufunguo mmoja. "Wa pili ulipotea," alisema. "Nyinyi ni ndugu. Mtajua wenyewe."

Wakajua wenyewe. Asubuhi Kiboko alikuwa wa Dada: kumpeleka shule binti yake wa miaka sita, aliyeitwa Bosi kwa sababu ambazo zilionekana mara tu alipofungua mdomo, kisha kwenda kwenye duka la dawa alikofanya kazi. Alasiri Kitinda alikwenda kwenye mlango wa nyuma wa duka hilo, akachukua gari, akapakia spika zake na mitambo, akaenda kupiga muziki na kuweka vipaza sauti kwenye shughuli za watu.

Lakini kabla ya kukabidhiana ufunguo, walikaa kwanza. Walifunga milango, Dada akavua viatu na kuweka miguu juu ya dashibodi, wakala karanga kutoka kwenye pakiti moja huku Dada akisimulia vituko vya wateja. Humo ndani ndimo Kitinda alimozungumza. Mbele za watu maneno yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Ndani ya Kiboko yalimwagika yenyewe.

Kwa hiyo wiki iliyopita, Dada aliposema, "Kitinda, tuliuze tu. Jirani analitaka. Mimi nitafute kigari kidogo, wewe upate pikapu yako, kila mtu ashike njia yake," Kitinda alishindwa kutafuna karanga iliyokuwa mdomoni. Kama Dada angesema kwa hasira, ingekuwa afadhali. Alisema kwa uchovu.

Walikubaliana jambo moja. Wakifika Jumamosi wamechagua springi zinazowafaa wote wawili, Kiboko abaki. Wasipochagua, Jirani aje kulichukua.

"Hizi nyeusi ni laini," fundi alieleza, akigonga kwa spana. "Utadhani umekaa kwenye godoro. Hizi nyekundu ni ngumu, za mzigo. Pakia hata ukuta, haziinami."

"Laini," alisema Dada.

"Ngumu," alisema Kitinda.

"Kitinda, mtoto wangu anatapika kila asubuhi! Natembea na shati la pili kwenye mkoba kama mchezaji mpira."

"Na mimi nikipakia spika, nyuma inalala chini, taa zinaangaza mbinguni. Juzi dereva mmoja alisimama akaniuliza kama natafuta ndege."

"Basi punguza spika."

"Basi punguza... punguza mtoto!"

Kitinda alishtuka mwenyewe kwa alichosema. Dada alijaribu kukasirika, kicheko kikamponyoka puani. Kisha akakumbuka anagombana, akakunja uso tena.

Fundi aliziba masikio. "Sikilizeni. Kila mmoja wenu anaijua njia akiwa ameshika usukani. Kesho mdogo akae nyuma na mtoto. Alasiri mkubwa akae nyuma na spika. Keshokutwa mrudi hapa. Mkirudi na ugomvi huu huu, na mimi napanga foleni nyuma ya Jirani."

*

Asubuhi Kitinda alikuta Bosi ameshafunga mkanda, begi amelishikilia mapajani kwa mikono yote miwili kama mhasibu anayelinda kasha la fedha.

"Mama mdogo, kaa hapa. Ukiona ukuta wa bluu, fumba macho."

"Kuna nini?"

"Utaona."

Ukuta wa bluu ulikuja, na baada yake tuta. Mbele, Dada alipita polepole kabisa, kama mtu aliyebeba mayai. Lakini nyuma Kiboko alishuka, akapanda, akashuka tena, akaendelea kuyumba mpaka wakafika mashimo ya mtaa uliofuata, yakampokea kabla hajatulia. Kitinda alihisi uji aliokunywa ukiuliza njia ya kutokea.

"Tazama mbali," Bosi alimshauri. "Usitazame kiti. Na ukitapika usiseme samahani. Mama anasema si kosa la mtu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Kitinda alimtazama: kisogo kidogo kilichosukwa vizuri, vidole vilivyokaza begi, na ile njia yote aliyoikariri, tuta kwa tuta, ili imdhuru kidogo kuliko inavyotaka. Alimshika mkono. Wakapita mzunguko, wakapita kiwanda cha matofali, na hapo ndipo mmoja wao aliposhindwa.

Hakuwa Bosi.

"Mama, simama! Simama! Mama mdogo anabadilika rangi!"

Kitinda aliinama kando ya ua wa watu huku Bosi akimpigapiga mgongoni na kutoa maagizo. "Pumua kwa pua! Mama, lete shati langu!"

"Halimtoshi, Bosi," alisema Dada, amejishika mbavu kwa kucheka.

Mlangoni pa shule Bosi alishuka mkavu, kichwa juu, na msimamizi wa zamu alipata habari nzima kabla mtu hajamsalimia.

*

Alasiri ikawa zamu ya Dada. Alibanwa kwenye kiti cha nyuma, spika moja ubavuni, nyaya magotini, stendi za chuma zikimchungulia begani. Kiboko alikuwa amekalia makalio yake hasa.

Kwenye tuta la kwanza, nyuma iligonga, gwa! Chuma kwa chuma. Spika ikamwangukia Dada begani.

"We Kitinda! Hii kitu inanikumbatia kuliko shemeji yako!"

"Isukume taratibu, Dada. Ina hasira."

Tuta la pili, gwa! La tatu, gwa tena! Kitinda alimwona kwenye kioo akiwa ameikumbatia ile spika kwa mikono miwili, kidevu juu yake, kama anayembembeleza mtoto asilie.

Ilikuwa mahafali ya chuo cha ushonaji, kwenye ukumbi mdogo uliojaa wazazi. Kitinda alipanga mitambo yake pembeni, akavaa hedifoni, akajificha nyuma ya mikseri kama kawaida yake. Alipenda pale. Watu walisikia kazi yake bila kumtazama yeye. Lakini mkuu wa chuo aliposimama kuhutubia, spika ya kushoto ilikuwa bubu. Watu wakaanza kugeuka. Kitinda alipiga magoti, akapapasa nyuma ya spika, akakuta waya uliong'olewa na matuta ya njiani, ukining'inia kwa uzi mmoja. Akauchuna kwa meno, akaufunga, akarudi. Sauti ya mkuu wa chuo ikajaa ukumbini, tulivu, kama haijawahi kupotea.

Ndipo aliposikia sauti nyingine. Kipaza sauti cha akiba, juu ya meza ya keki, kilikuwa hakijazimwa. Hakikwenda kwenye spika, kilikwenda kwenye hedifoni zake tu.

"Unamwona yule msichana wa mitambo?" sauti ilikuwa ikinong'ona, kwa fahari isiyojificha. "Mdogo wangu yule. Nimembeba mgongoni. Hajui kuongea na watu, lakini angalia anavyowafanya watu wasikilizane."

Mtu akajibu jambo lisilosikika.

"Aa, sisi tuko pamoja kila siku," ilisema sauti ya Dada, kisha ikasita. "Yaani... mpaka sasa."

Kitinda aliinamia vitufe vyake. Mambo mawili yalimpanda kwa pamoja, furaha na woga, wala hakuna kitufe cha kupunguza lolote kati ya hayo. Alikuwa ameamini Dada ameshachoka. Kumbe Dada naye alikuwa ameshika ncha ya kamba ile ile, akisubiri mwenzake aseme asiiachie.

*

Jumamosi walifika gereji wakishindana kushuka.

"Laini!" Kitinda alimwahi fundi kabla hajafungua mdomo. "Tuweke laini. Yule mtoto ameikariri njia kama sala."

"Ngumu!" Dada alikuwa ameshafika kwenye turubai. "Fundi, wewe hujaona waya ulivyotoka. Siku moja atachomwa na umeme mbele ya watu. Ngumu!"

"Dada, laini, nimekwambia."

"Usinibishie, nimekuzidi miaka sita. Ngumu!"

Fundi Kimya aliweka spana chini. Wahenga walisema mwamba ngozi huvutia kwake, lakini hawa kila mmoja alikuwa akiivutia kwa mwenzake, na ngozi ilikaribia kupasuka vile vile.

"Mungu wangu," alisema. "Nimewaharibu zaidi."

Kitinda hakuwa akimsikiliza. Macho yake yalikuwa yamekwama kwenye rafu, nyuma ya makopo ya grisi, palipokuwa na vitu viwili vya mpira mweusi, vinene kama chupa za maji, kila kimoja na kimrija chake.

"Fundi, vile ni vya nini?"

"Vile? Achana navyo. Mifuko ya upepo. Unaiingiza ndani ya springi laini za nyuma. Ukipakia mzigo unaijaza upepo, inabeba. Ukishusha unatoa upepo, gari linarudi laini. Unabakiza kidogo tu, mifuko isijisugue."

Dada na Kitinda wakatazamana.

"Na ulikuwa umevificha?" aliuliza Dada.

"Sijavificha! Hakuna anayevitaka. Mteja mmoja aliweka, akarudi kesho yake nivitoe. Ni kazi, jamani. Mzigo jioni, ujaze. Kabla ya safari ya asubuhi, utoe. Kila siku. Upande huu, upande ule, upime kwa geji ya upepo vilingane. Nani ana muda huo?"

"Kila siku?" aliuliza Kitinda.

"Kila siku inayotoka kwa Mungu."

Msichana ambaye hata kwenye foleni ya maji hakupaza sauti alipiga kelele mpaka mtu aliyekuwa chini ya gari la pili akagonga kichwa.

"Hiyo hiyo! Tunaichukua hiyo hiyo!"

"Kitinda, umesikia alivyosema? Kila siku."

"Nimesikia." Hawakuwa ndani ya Kiboko, na fundi alikuwa akitazama, lakini maneno yalikuja. "Peke yangu siwezi, Dada. Wewe utajaza kulia, mimi kushoto. Pale nyuma ya duka, ukitoka kazini. Kisha tunakaa. Sitaki pikapu. Sitaki kila mtu ashike njia yake."

Dada alimtazama, midomo ikimchezacheza.

"Kwa hiyo unataka nikuone kila siku mpaka uote mvi."

"Ndiyo."

"Na karanga?"

"Karanga juu yangu."

Dada alichukua simu, akageukia ukutani, kama mtu anayepangusa vumbi machoni. "Haloo, Jirani? Za kwako? Samahani, lile gari limebadili mawazo. Ndiyo. Lenyewe."

*

Jumatatu alasiri Kiboko alisimama nyuma ya duka la dawa akiwa na springi laini nyeusi, shokapu mpya za bluu, na mifuko miwili ya mpira ambayo hakuna aliyeitaka duniani. Spika zilikuwa zimeshapakiwa. Asubuhi ya siku hiyo walikuwa wamepita ukuta wa bluu wote watatu, na Bosi alikuwa amefumba macho, akasubiri, akafumbua jicho moja, akauliza tuta limehamishiwa wapi.

Sasa Dada, koti lake jeupe la kazini likipepea, alikuwa akisukuma pampu ya baiskeli upande wa kulia kama anayezima moto. Kitinda alikuwa kushoto. Bosi, aliyejiteua msimamizi wa geji, alikimbia huku na huku nyuma ya gari.

"Kulia bado! Mama, usilale! Kushoto bado!"

Kiboko aliinua makalio yake taratibu, kidogo, kidogo tena.

"Mama mdogo, basi! Mama, bado... bado... basi!"

Dada alijiegemeza kwenye mlango akihema, jasho likimtiririka. Mteja alichungulia kutoka dukani, akaangalia, akarudi ndani bila kuuliza. Dada alivua viatu, akafungua mlango wa mbele.

"Ingieni upesi," alisema. "Leo kuna mzee amekuja kunirudishia dawa ya usingizi. Anasema kila akitaka kuinywa, anakuta ameshalala."