Hodi ya Tatu

Mgeni yule hakuuliza choo kiko wapi. Alivua viatu, akavuka sebule, akafungua mlango wa pili wa ujia bila kubahatisha. Alipotoka chooni alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua kabati la juu upande wa kushoto, akatoa kikombe chenye ua la bluu, akakipiga picha, akakirudisha palepale.

"Hata wifi yangu hajui kikombe hicho kinakaa wapi," mama alimnong'oneza binti yake. "Huyu katoka wapi?"

"Kwenye tovuti, mama."

"Na huko kwenye tovuti hamna kuuliza?"

Hamkuwa na kuuliza, na aliyeamua hivyo ni binti mwenyewe.

Kampuni ya rangi za nyumba ilikuja kwenye wakala wa matangazo alikoajiriwa, ikitaka tovuti isiyofanana na ya mtu. Wenzake walichora makopo yanayomwagika na watoto wanaocheka. Yeye alichora mlango. Ukifungua tovuti unakutana na mlango wa mbao, basi. Hakuna menyu, hakuna kitufe, wala hakuna neno hata moja la kuazima, maana kwa lugha yake alikuwa mkali kama pilipili. "Tuna hodi," aliwaambia mkutanoni, "hiyo 'kliki hapa' ni ya nini?" Mtu anagonga kioo cha simu kwa kidole, na sauti ya mwanamke inaitika kutoka ndani: "Karibu, pita. Viatu acha hapo." Akishaingia, kila ukuta anaougusa unabadilika rangi. Akifungua kabati anakuta vikombe. Akikaa kwenye kochi la kijani anasikia redio ya jirani.

Kwenye michoro ya kwanza aliweka na adabu aliyolelewa nayo: ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unaondoka. Alitaka siku nyingine mlango ule usifunguke kabisa, mtu aende zake arudi kesho. Meneja wa chapa wa kampuni ya rangi alicheka aliposikia. Mwanamke huyo hakuwahi kupandisha sauti kwa mtu, na kwa ulaini wake ofisini walimwita Pamba.

"Mdogo wangu," alisema, "mlango wetu haukatai mtu."

Adabu ikafutwa.

Nyumba iliyopigwa picha ilikuwa ya kwao. Mlango ni wao, kochi ni lao, sauti ni ya mama. Siku ya kupiga picha, komeo, kitu pekee kilichoufunga mlango kwa ndani, lilimkera binti kwa sababu lilivunja mstari mzuri wa mbao. Akaling'oa kwa bisibisi, akaziba matundu ya skrubu, akayapaka rangi. Nitalirudisha jioni, alisema. Jioni ile ilipita na nyingine nyingi zikafuata.

Tovuti ikavuma. Ikapata tuzo, watu wakaizungumzia kwenye foleni za benki, na jina la binti likafa, akawa Dada Hodi hata kwa walinzi wa getini. Pamba naye akaongeza lake: kila mwezi, walioshinda mchezo mdogo uliowekwa kwenye tovuti waletwe waione nyumba yenyewe. Masharti yalikuwa mepesi. Kisihamishwe kitu mpaka mkataba uishe. Mama na baba walitia saini huku wakitaniana kuhusu nani atakuwa maarufu zaidi.

Mama alipotaka kusogeza kochi karibu na dirisha, aliambiwa hapana. Pazia lilipochanika, lililetwa jingine lenye maua yaleyale. Siku moja baba alibadilisha saa ya ukutani, na kabla ya chakula cha mchana Pamba alishapiga simu.

"Tunaishi ndani ya picha yetu, mume wangu," mama alisema.

"Basi vuta tumbo," baba alijibu.

Siku hizo bado walikuwa wanacheka. Kisha baba akaanguka bafuni.

Kilikuwa kiharusi. Hospitali ilimkalisha, ikamfundisha upya kushika kijiko, hatimaye ikasema sasa anaweza kurudi kwake, ila alale kwenye kitanda cha hospitali kinachopanda na kushuka. Kitanda hicho hakipiti kwenye ujia wao mwembamba. Mahali pake ni sebuleni tu, pale penye kochi la kijani. Na siku aliyopangiwa kutoka ni Jumamosi, siku ya wageni.

Dada Hodi alimfuata Pamba ofisini kwake.

"Pole sana, mdogo wangu. Mzee anaendeleaje?"

"Anarudi Jumamosi. Kitanda chake kitakaa sebuleni. Naomba wageni wasimame kwanza."

Pamba alizungusha kalamu mezani. "Sebuleni ndiko watu wanakokaa muda mrefu kuliko kote. Wewe mwenyewe takwimu unazijua."

"Ni sebule ya mama yangu."

"Na ni yetu pia, mpaka mkataba uishe. Si wewe uliyetufundisha? Nyumba moja, ndani ya simu na nje ya simu." Kalamu ikasimama. Macho ya Pamba yakang'aa. "Ngoja kwanza. Kitanda kisifichwe. Tukipige picha. Mzee amerudi nyumbani, kuta zake zinamsubiri. Mtu anagusa shuka, shuka linageuka rangi. Unaiona? Watu watalia."

"Baba hawezi kufunga mdomo sawasawa."

"Tutampiga upande ule mzuri."

Dada Hodi akatafuta neno. Yeye ambaye hakuwahi kupungukiwa na maneno alikuta kila alilonalo limeshauzwa.

"Basi Jumamosi tunakuja na mpiga picha," Pamba alisema, akamshika bega. "Mama asihangaike kupika."

Nyumbani, mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa kwenye beseni la vyombo.

"Wakija watapiga hodi?"

"Watapiga."

"Basi hatutaitika. Mtu na akili zake akipiga ya tatu, anaondoka."

"Mama, wewe huwezi. Hata wauza sabuni unawaitikia."

"Nitajiziba mdomo."

"Na kazi yangu?"

Mama alisuuza sahani, akaiweka kando. "Hilo nakuachia wewe, mwanangu. Mimi nina mgonjwa."

Jumamosi asubuhi walilitoa kochi wenyewe, mama mbele na binti nyuma, wakaliegemeza kwenye ukuta wa uani. Mahali lilipokuwa, sakafu ilikuwa na rangi nyingine, changa, kama ngozi chini ya bandeji. Gari la hospitali likaleta kitanda, likamleta na baba. Alilazwa. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kochi?" Neno lilitoka limelegea.

"Limekupisha," mama alisema.

Baba alicheka kwa nusu ya mdomo, na kwa kitambo kidogo nyumba ikawa yao.

Ndipo gari likasimama nje.

Hodi ya kwanza ilikuwa ya mtu mchangamfu. Midomo ya mama ilifunguka yenyewe, akaiwahi kwa kiganja. Baba alimtazama akishangaa. Hodi ya pili ilikuwa ya wengi kwa pamoja, na vicheko ndani yake. Ya tatu ilikuwa ya Pamba, laini, iliyojua jibu lake.

Mama alikaza kiganja.

"Hawapo hawa," mwanaume mmoja alisema nje. "Twendeni zetu."

Dada Hodi alimpenda mtu yule asiyemjua kama ndugu wa tumbo moja. Alisikia kiatu kikishuka ngazi.

Halafu, ngo ngo ngo, ukucha juu ya kioo cha simu. Na sauti ya mama, safi, isiyo na wasiwasi wowote, ikaitika kutoka upande wa nje wa mlango:

"Karibu, pita. Viatu acha hapo."

Baba aligeuza shingo taratibu kumtazama mkewe. Kiganja kilikuwa bado mdomoni.

"Haya, si tumekaribishwa," Pamba alisema, na nje viatu vikaanza kuvuliwa.

Macho ya Dada Hodi yalikwenda mahali pa komeo. Palikuwa na mbao tupu, nyororo, na matundu aliyoyaziba vizuri hata yeye hakuyaona. Kitasa kikashuka. Mama alifika kwanza, akaegemeza mgongo mlangoni. Binti akaegemeza wake kando ya mama, bega kwa bega, na hapo akajua kazi yake imekwisha. Mlango ulisukumwa polepole, kwa heshima, kama watu wanavyosukuma kitu wanachoamini kimekwama tu.

"Mbona haufunguki?"

"Gonga tena."

"Karibu, pita," sauti ikasema. "Viatu acha hapo." Wakagonga tena, ikawakaribisha tena.

"Huyo hanyamazi?" mama alinong'ona.

"Hanyamazi, mama. Nilimtengeneza hivyo."

Mama akavua ndala zake, akakanyaga sakafu kwa nyayo tupu, akasukuma.