Ajuza Ainuliwe Kiasi Gani?

Nyumbani kwetu ni watu wawili tu walioruhusiwa kulisema vibaya gari la baba: mama, kwa sababu ni mkewe, na mimi, kwa sababu mdomo wangu hauna breki. Mimi ndiye niliyelibatiza jina la Ajuza, na jina likashika. Ni gari la zamani la kazi, la bati nene, lenye kiti kimoja kirefu mbele na mabenchi mawili nyuma. Lilikuwa limeinama upande wa dereva, maana baba, kabla daktari hajamtenganisha na sukari, alikuwa mtu wa kilo zake. Springi za upande wake zilikuwa zimelala kabisa, hazina habari.

Kuinama hakukumsumbua mtu. Shida ilikuwa tumbo lake lililokaa chini mno. Baba na mama wanafuga nyuki juu kilimani, na malori ya mbao yalikuwa yamechimba njia ile mpaka ikabaki mifereji miwili na tuta katikati. Kila walipopanda, lile bonge la difu katikati ya magurudumu ya nyuma lilikwangua tuta. Safari ya mwisho Ajuza alikaa juu ya tuta kama kuku anayeatamia, magurudumu yanazunguka hewani, na wazee wangu wakateremka kwa miguu wakiwa na ndoo tupu. Baba akatoa uamuzi: ama Ajuza ainuliwe, ama auzwe kwa jirani muuza mchanga, ambaye alikuwa akimmezea mate siku nyingi.

Hapo ndipo mama alipotia ngumu.

"Mkiliinua, mimi siingii tena," alisema, akaendelea kukunja nguo. Tulipomuuliza kwa nini, akasema goti.

Baba hakubishana. Alinivuta pembeni akaniambia kwamba kama mama hapandi kilimani, naye hana cha kufuata huko. Nyuki wenyewe hawana mazungumzo. Bora auze. Aliyasema haya kwa upole, na upole wa baba ndio unaonitisha, kwa sababu akipandisha sauti huwa anatafuta kubembelezwa, lakini akisema taratibu amekwishakata shauri. Roho iliniuma. Ajuza ndiye aliyetuleta sote nyumbani kutoka hospitali tulipozaliwa, na sikuwa tayari kumwona akibeba mchanga wa watu.

Basi tukaenda kwa fundi, mimi, baba na kaka yangu. Fundi wetu ni mrefu kupita kiasi. Akilala chini ya gari miguu hubaki barabarani, na wapita njia wamezoea kuiruka. Alitueleza kwa mkono wake. Tunaweza kumwinua Ajuza vidole viwili, vitatu, au shibiri nzima. Kaka, ambaye anauza matairi na anapenda kila kitu kiwe kikubwa, alidakia shibiri. Fundi akamtazama kwa huruma. Ukiliinua shibiri, alisema, shafti inayozungusha magurudumu inakaa mshazari na kukatika, mipira ya breki inavutika, na gari likipita kwenye mteremko wa ubavuni linatafuta mahali pa kulala. Vidole viwili vingetosha njia nzuri, lakini njia nzuri haihitaji kuinuliwa gari. Yeye angeweka vitatu, na shokapu ndefu kidogo za kuendana nazo.

Kwa hiyo ilibaki goti. Baba alipanga matofali uani, akaweka ubao juu, kimo sawasawa na ngazi ya Ajuza akishainuliwa vidole vitatu. Mama aliinua mguu, akaguna, akaurudisha chini. Baba akapunguza tofali. Mama akaguna tena. Mwisho ubao ulikuwa chini kuliko kizingiti cha jikoni, ambacho mama hukivuka mara mia kwa siku akiwa na sufuria mkononi, na bado aliguna. Kaka alianza kuulizia daktari wa mifupa. Mimi nilianza kumchunguza mama, jambo ambalo lingepaswa kumtia wasiwasi.

Siku iliyofuata upepo ulirusha shuka letu moja hadi kwa jirani. Nikiwa dirishani nilimwona mama akitazama kulia, akatazama kushoto, akakunja gauni, akaupanda ukuta wa ua, akashuka ng'ambo, akarudi na shuka begani. Nilimpokea upande wetu.

"Goti limeamkaje, mama?"

Alinitolea macho. Kisha akakaa juu ya yale matofali ya baba, akacheka mpaka akafuta machozi kwa shuka.

"Goti halina kosa," alisema. "Sikiliza. Baba yako ni mtu mwema, lakini si mtu wa kushika mkono. Tangu uchumba ni hivyo. Sasa gari lile limeinama kwake. Nikikaa mlangoni, kabla hatujafika barabara kubwa nimeshateleza mpaka begani kwake. Hata tukiwa tumenuniana. Na ukishakuwa begani kwa mtu, unanunaje? Fundi akiweka springi mpya gari litanyooka, na mimi nitabaki mlangoni kama abiria."

Nilimkumbatia, na shuka lake chafu.

"Ukimwambia baba yako," akasema, "nitakukana."

Sikumwambia baba. Nilikwenda kwa fundi, na nikaongea na ile miguu yake barabarani. Nilimuuliza kama kuna namna ya kumwinua Ajuza bila kumnyoosha. Miguu ilitulia. Fundi akajitoa chini ya gari, akajipangusa mikono na kunitazama kama aliyechoka na ukoo wetu.

Springi hizi, alinieleza, huja na moja ngumu kidogo, ya kuwekwa upande wa dereva ili gari likae sawa. Ukizibadilisha upande, gari litainama kwa dereva. Halitaanguka, ila kila mpita njia atasema fundi ni bomu.

"Tafadhali, mpe baba sababu yoyote," nilimwomba.

"Nimpe sababu? Yeye ndiye aliyekuja jana kuniambia nizibadilishe. Eti amezoea kuendesha akiwa ameinama." Alitikisa kichwa. "Ng'ombe hazeeki maini. Nenda nyumbani, kazi hiyo nimeshaipokea."

Njiani nilicheka peke yangu, na nililia kidogo pia, sioni haya kusema.

Ajuza aliporudi kutoka kwa fundi, mama nilimwambia kitu kimoja tu: aingie garini mara moja, asiporidhika Ajuza auzwe. Akaja, uso umemshuka. Alipanda vidole vitatu vile bila kuguna, akasahau hata kujifanya, na akajibana mlangoni akitazama nje. Kaka na mimi tulikaa nyuma na ndoo za asali. Baba akawasha. Hatujafika barabara kubwa, mama alikuwa ameteleza nusu ya kiti. Alishika mpini wa mlango, akauangalia mkono wake, akauachia.

Kaka hawezi kuona kosa akanyamaza. "Baba, gari bado limeinama. Fundi amekosea, turudi."

"Hajakosea," baba alisema, macho yakiwa barabarani. "Mimi ndiye niliyemwambia aliache hivyo. Mama yenu angekaa mbali."

Masikio yake yalikuwa yamewiva kwa haya. Mama alimwambia aangalie njia. Pale kilimani Ajuza alipita juu ya tuta bila kuligusa, na mama alikuwa amelala begani kwa dereva.