Aliyebeba Mbele

Mimi Euphrasie nina wajukuu saba, wote watoto wa mwanangu Jacques, na wote walijua hadithi moja kabla hawajajua Baba Yetu. Ni hadithi ya jinsi nilivyobebwa kwa ngobi kutoka Mudaka hadi Bukavu, mvua ikinyesha, Jacques akiwa tumboni amekaa vibaya, na jinsi babu yao Gracien alivyoshika miti ya mbele njia nzima bila kupokewa. Nimeisimulia miaka mingi na naisimulia vizuri. Sijisifu, muulize yeyote hapa Bagira, mtaa wetu wa Bukavu. Kuna mahali pa kucheka, kuna mahali pa kunyamaza, na tukifika pale daraja lilipokatika hata watu wazima huacha kutafuna. Kasoro yake ni moja tu. Aliyebeba mbele hakuwa Gracien.

Alikuwa mdogo wake, Anaclet. Gracien siku ile alikuwa Kalehe kwenye arusi ya rafiki yake, anakunywa kasiksi, bia yetu ya ndizi, na alirudi nyumbani siku ya tatu na kofia ya mtu mwingine kichwani. Mtoto alikwisha kuzaliwa, mimi nilikwisha kushonwa, na Anaclet alikuwa bado amekaa kwenye benchi ya hospitali na suruali ya matope, anangoja kuambiwa kama nitaishi.

Vijana wa mjini hawajui ngobi, kwa hiyo nieleze. Ni machela ya mianzi na kamba. Zamani kwetu kila mlima ulikuwa na yake, na wanaume walipokezana, wengine wakibeba, wengine wakitembea pembeni wakingoja zamu. Mbele ndiko kubaya, kwa sababu wa mbele ndiye anayepima matope kwa miguu yake, na akiteleza yeye mmeanguka wote. Tena kuna adabu yake. Aliyebeba hajisemei. Hawezi kusimama mbele ya watu akatangaza kwamba fulani alibebwa na yeye. Ni aibu, ni kama anaomba anunuliwe chupa. Mwenye kusema ni aliyebebwa. Akimtaja mtu, huyo ndiye. Akimtaja mwingine, hakuna wa kumkosoa.

Mimi nilimtaja mwingine. Tulikuwa tumekwisha kuhamia Bagira, Jacques ana miaka minane. Akarudi kutoka shuleni na jicho limevimba, amepigana kwa sababu mwenzake alisema baba yake ni mlevi. Gracien alikuwa amekaa mlangoni anashona kiatu chake, akasikia. Mtoto akaniuliza mimi, si yeye, kama ni kweli. Nilikasirika na wote wawili, na mimi nikikasirika mdomo hunitangulia. Nikamwambia baba yake ndiye aliyenileta mjini kwa mabega yake, mbele, njia nzima, na kama si huyo baba, yeye Jacques asingekuwa na jicho la kuvimba.

Gracien aliacha kushona. Hakukubali, hakukataa. Aliniangalia kama mtu aliyepewa shati ambalo si kipimo chake na kuambiwa alivae hivyo hivyo. Na alilivaa. Sitasema aliacha pombe siku ile, huo utakuwa uongo wa pili. Aliacha baada ya miaka miwili, na mara kadhaa alirudia. Lakini alianza kuamka mapema. Alianza kumshika mtoto mkono kwenda misa. Jioni Jacques akiniomba nisimulie, Gracien alikaa karibu akasikiliza kwa makini, kana kwamba anajifunza kazi. Nilimpenda sana mume wangu huyo wa baadaye, na niliogopa kwamba nikirudisha maneno yangu nitampoteza.

Anaclet aliisikia mara ya kwanza kwenye arusi ya Jacques. Msemaji wa familia aliisimulia kwenye maikro, neno kwa neno kama nilivyomfundisha. Nilimwona shemeji yangu akiweka sahani chini, nyama haijaguswa. Akavaa koti lake akaondoka. Tangu siku ile alitutumia gunia la maharage kila Noeli, lakini yeye mwenyewe hakukanyaga kwetu. Watu walisema amepata kiburi tangu shamba lake lianze kuzaa. Mimi nilijua ni nini, nikanyamaza, na Jumapili iliyofuata nikasimulia tena.

Mwaka jana Gracien alifariki. Anaclet hakuja kumzika. Alituma habari kwamba mguu unamsumbua. Nilifurahi kwamba ana mguu wa kumsumbua. Ndiyo, nasema nilifurahi, kwa sababu sikujua ningemtazama vipi.

Basi ikafika siku ya kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga, na ndipo mjukuu wangu wa kwanza, Gisèle, alipoingilia. Gisèle yuko chuo kikuu na ana daftari ambamo anaandika mambo ya familia. Kichwa chake kigumu, alikirithi kwangu. Yeye ndiye aliyechaguliwa kusema habari za babu yake mbele ya watu, na bila kuniuliza alipanda basi hadi Mudaka akamwomba Anaclet aje. Akarudi anacheka. Koko Anaclet amekubali, alisema (koko kwetu ni babu au bibi), atakuja Jumamosi, nyumbani tu, si makaburini. Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na siku mbili za kumwambia mtoto huyu kwamba atasimama mbele ya mwenye kazi na kumpa marehemu kazi ile. Na sikuwa na njia nzuri. Nikisema, ninamvua Gracien nguo siku ya heshima yake, mbele ya mwanawe aliyepigana kwa ajili yake. Nikinyamaza, Anaclet ananyang'anywa mara ya pili, na ni mzee, hakutakuwa na mara ya tatu ya kumrudishia.

Alhamisi tulikuwa tunachambua maharage ya sherehe, yeye na mimi, sinia katikati. Nikamwambia kuna jambo katika hadithi ile ya ngobi. Hakuinua hata kichwa.

"Koko, iyo niko najua yote," alisema. "Sikia tu vile nitasema."

Akaanza. Na alijua kusimulia, huyu mtoto. Alinyamaza pale pale ninaponyamaza. Alishusha sauti kwenye daraja, akaongeza jambo ambalo mimi sikuwahi kulifikiria, kwamba maji yalikuwa yanapita juu ya miguu ya mbebaji na yeye aliimba ili mgonjwa asiyasikie. Nilisahau maharage. Nilisahau nilichotaka kusema. Alipomaliza akaniuliza kama ni sawa, nikamwambia ni sawa, ila pale darajani asiharakishe. Hilo ndilo kosa langu kubwa, na silisingizii uzee. Nilijisikia vizuri kusikia sauti yangu katika mdomo mwingine. Ijumaa nyumba ilijaa watu, masufuria na viti vya kukodi, na sikupata nafasi. Au sikuitafuta.

Jumamosi tulikwenda misa, tukaenda kaburini, tukaweka maua, tukarudi. Anaclet alikuwa amefika, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kofia magotini. Amekonda. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote na amechukua sura ya marehemu mama yao. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniita Mama Jacques kama zamani, na niliona ya kuwa mguu wake hauna tatizo lolote.

Mimi nikakaa kwenye mkeka wangu. Kwetu mjane hubaki pale na kitambaa chake cha kilio mpaka maneno yaishe na wifi zake waje kumfungua, na muda wote huo hasemi kitu. Wengine wanaona ni mzigo. Mimi asubuhi ile niliuona kama bahati. Nilijiambia, Euphrasie, hata ungetaka, desturi imekufunga mdomo.

Gisèle akasimama. Alisema mahali babu yake alipozaliwa, alisema alivyofanya kazi ya useremala, alisema alivyowapeleka wajukuu shuleni wakati Jacques alipokuwa mgonjwa, na yote hayo yalikuwa kweli. Kisha akaingia kwenye ngobi. Watu wakatulia. Mimi sikumwangalia Gisèle, nilimwangalia Anaclet. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza matope yake mwenyewe, mvua yake mwenyewe. Hadithi ilipofika darajani Gisèle alisema kwamba babu yake aliimba wimbo wa kanisa, na nikamwona Anaclet anatikisa kichwa polepole, kukataa. Hakujua kwamba ametikisa. Aliimba kweli siku ile, nilikuwa nimesahau kabisa, lakini haukuwa wimbo wa kanisa. Ulikuwa wimbo wa kuchunga ng'ombe, ndio pekee aliokuwa anaujua. Mtoto alidhani ameubuni.

Sikuweza kuvumilia zaidi ya hapo. Nilisimama na kitambaa changu kichwani, na mkwe wangu alinivuta nguo nikae, nikamtoa mkono.

"Gisèle, ukae kwanza," nikasema. "Haikukuwa Gracien. Mwenye alibeba mbele ni Anaclet, uyu mwenye kuikala pale ku mulango. Gracien alikuwa Kalehe. Ni miye nilibadirisha."

Mtu mmoja alikohoa. Gisèle alibaki amesimama na daftari lake, mdomo wazi, na niliona uso wake unabadilika kutoka kushangaa kwenda kwenye hasira, na ilikuwa haki yake. Jacques alikuwa upande wa wanaume. Mwanangu ana miaka arobaini na saba na mvi kwenye ndevu, na aliniangalia kwa jicho lile lile alilorudi nalo kutoka shuleni. Nilitamani aseme kitu. Alivuka uwanja, akaenda mbele ya baba yake mdogo, akapiga goti moja chini, na akamshika mkono bila neno. Anaclet alimwachia mkono ule, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Mama Jacques," aliniuliza, "ni Gracien alikutuma useme vile?"

Ningeweza kusema ndiyo. Marehemu hajibu. Nilimwambia hapana, ni mimi nilianza, na Gracien alinyamaza tu; alinyamaza kwa aibu, na katika kuugua kwake mara mbili aliniomba nimwite Anaclet, na mara mbili nilimwambia nitamwita.

Sikuwa nimepanga kuisema hiyo. Hata Jacques hakuijua.

Anaclet aliizungusha kofia yake magotini. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari kutukanwa, ningepumua. Lakini alisema kwa sauti ya chini, kama anaongea na kofia.

"Miye niliwaza ni yeye aliniibia. Miaka yote. Njo maana sikukuja kumuzika. Siku ile batu banapita ku barabara banakuja kilio, banauliza, Anaclet, hauendi? Miye nikabakia mu shamba, nalima."

Mimi nilikuwa nimejitayarisha kurudisha jina la mtu, nikidhani deni langu ni hilo. Hilo la kumkosesha mtu maziko ya ndugu yake wa tumbo moja sikuwa nimelihesabu hata siku moja. Nilisema nisamehe, shemeji. Neno lilikuwa dogo na sikuwa na jingine.

Wifi zangu walikuja kunifungua kitambaa, kwa sababu mambo lazima yaendelee na chakula kilikuwa kinapoa. Walinifungua bila kuimba vizuri. Bugali ikapita, sombe ya majani ya muhogo ikapita, vidagaa vya sambaza, soda, na watu wakaanza kuongea tena, kwanza kwa kunong'ona. Gisèle hakunikaribia. Nilimwona amekaa pembeni anaandika kwenye daftari, anafuta, anaandika. Baadaye alikuja akachuchumaa karibu yangu na kuniuliza, bila kunitazama, ulikuwa wimbo gani. Nilimwambia amwulize mwenyewe. Akasema amekwisha kumwuliza, na mzee amekataa, amesema mwenye kusema ni mimi. Basi nilimwimbia pale mkekani, kidogo, kile nilichokumbuka, naye akaandika, na machozi yalikuwa yakinitoka juu ya sahani ya watu.

Anaclet hakula. Aliniuliza kama makaburi ni mbali. Nikamwambia si mbali, lakini wageni bado wanakula, angoje kidogo. Akasema wakule tu, akavaa kofia, akatoka.

Tulimfuata, Jacques na mimi. Jacques alitaka kuita motoka, mzee akakataa. Tulishuka kwa miguu, jua la alasiri limeanza kulegea na ziwa linaonekana kule chini, yeye mbele, hataki kushikwa mkono. Makaburini ilibidi nimwonyeshe ni lipi. Maua ya asubuhi yalikuwa bado mabichi. Alisoma jina la kaka yake kwenye msalaba kwa kidole, herufi moja moja, kisha akakaa chini kwenye udongo na suruali yake ya sherehe, akalia kwa sauti, kilio cha siku ya kwanza, ile ya mwili ukiwa bado ndani ya nyumba. Sisi tulikuwa tumemaliza asubuhi ile. Yeye ndiyo alikuwa anaanza.