Geti Lililojifunika Gubigubi

Godoro lilikuwa na kasoro pembeni. Kiwanda cha magodoro kililikataa, Mama Shaba, fundi umeme wa hapo, akalipokea kwa mikono miwili. Alijinyoosha juu yake kivulini, kando ya uzio wa transfoma, akasema anapumzisha macho tu. Saa kumi jioni umeme mkubwa ungewashwa, volti elfu kumi na moja. Kazi yake alishaikagua jana, waya kwa waya.

Usingizi ukambeba mzimamzima.

Akaona umeme unakuja kama mgeni mpole, pekupeku, juu ya waya wa shaba. Kila chuma akikipita anakipigia hodi. Transfoma ikaitika. Nguzo za uzio zikaitika, moja baada ya nyingine, na kila zilipoitika mgeni aliteremka taratibu ardhini, kwenye ubaridi. Akafika getini. Hodi. Kimya. Geti limejifunika gubigubi, shuka ya kijani, halisikii. Mgeni hana pa kushukia. Akaanza kutafuta mkono wa mtu.

Mama Shaba akazinduka, jasho likimtiririka. Geti lilikuwa la kijani kweli. Jana lilikuwa na kutu.

"Shemeji!"

Mlinzi, mdogo wa mumewe, akaja na brashi, meno yote nje. "Umeliona? Bosi anakuja, nikasema lisituaibishe."

"Na waya wangu wa kuliunga na nguzo?"

"Niliufungua, nikapaka, nikaurudisha. Nimekaza mpaka mishipa ikanitoka!"

Mama Shaba akachoma ncha za mita, moja getini, moja kwenye waya. Mita haikulia. Rangi ilikuwa imelala katikati ya chuma na shaba. Siku ya hitilafu, umeme usingepata njia ya kushukia ardhini, na mkono wa kwanza getini ungekuwa wa shemeji.

"Lete msasa."

"Uikwangue rangi yangu? Una roho mbaya, shemeji!"

"Basi niache. Nitamwambia kaka yako ulikufa umependeza."

Msasa ukaja mbio. Huku akikwangua geti na nguzo pale waya unapofungwa, akamsimulia ndoto. Akakaza waya. Mita ikalia, mlio mwembamba, mrefu.

Saa kumi transfoma ikaanza kuvuma kama mtu anayeota. Honi ikapigwa. Shemeji akalishika geti kwa mkono mtupu, na Mama Shaba akausindikiza mkono ule kwa macho mpaka geti likafunguka lote.

Bosi akachungulia dirisha la gari, akaonyesha palipokwanguliwa. "Hapo rangi iliisha?"

"Hapana, bosi," alijibu shemeji, kama aliyeota ni yeye. "Hapo ndipo anaposhukia mgeni."