Mama Nani

Duka letu linauza vyombo vya nyumbani: sufuria, pasi, mashuka, seti za vikombe ambazo watu hununua wakazifungia kabatini wasizinywee kamwe. Kazi yangu iko ghorofani, juu ya stoo, kwenye chumba kinachonuka maboksi mapya. Naandika barua pepe za kuwashawishi watu wanunue. Ukifungua simu asubuhi ukakuta duka linakuapia kwamba leo ndiyo mwisho wa punguzo, ujue aliyekuapia ni mimi.

Msimu wetu mkubwa ni Siku ya Mama. Zamani barua zilikuwa zinaanza na "Mpendwa Mteja", na hakuna aliyezifungua. Nikamwambia bosi, mwanamke mwenzangu, mpole lakini mbishi: nani anataka kuitwa mpendwa na duka la sufuria? Mwite mtu anavyoitwa na majirani zake. Basi kwenye fomu ya kadi ya mteja tukaongeza mstari mmoja: Unaitwa mama nani? Kompyuta ikawa inachukua jibu na kuliweka mwanzo wa barua. Mama Fulani, leo ni siku yako. Watu walifungua, wakanunua, wengine wakajibu kabisa kusema asanteni. Mimi ndiye niliyejiandikisha wa kwanza, kujaribu kama inafanya kazi. Mama nani? Chiriku.

Hilo halikuwa jina la shule la binti yangu. Baba yake alimpa, kwa sababu alikuwa akianza kuongea asubuhi kabla hajafumbua macho, akiendelea mpaka usingizi umshinde katikati ya swali. Alikuwa anauliza maswali hata mswaki ukiwa mdomoni. Aliugua homa wakati wa likizo. Tulimpeleka hospitali akiwa bado anauliza dawa ile ina ladha gani, tukarudi bila yeye. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Nilimpenda, amekufa, na moyo wangu haujapona wala sioni kama una mpango huo.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kwamba jina langu nalo lingezikwa. Msiba ulipokwisha, wote waliokuwa wakiniita Mama Chiriku walianza kuniita dada, jirani, shoga, mpenzi. Muuza mkate wa mtaani, aliyekuwa akinipigia kelele toka ng'ambo ya barabara, siku hizi akiniona anakohoa. Naelewa, wanaogopa kunitonesha. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Waseme wasiseme, kidonda kiko pale pale, na kunyamaza kwao kumeniongezea kingine.

Nyumbani ndiyo usiseme. Jioni moja nilimwita mume wangu kama zamani: "Baba Chiriku, chakula kiko mezani." Akasimama mlangoni, hajui aingie au atoke.

"Tafadhali," akasema, "usiniite hivyo tena. Siwezi."

Nikasema sawa. Tukala, yeye upande wake na mimi wangu, kama wageni waliokutana hotelini. Simlaumu, kila mtu analia anavyoweza. Ila tangu jioni ile nilijua kwamba hata kwangu sitaitwa tena.

Kwa hiyo Siku ya Mama ilipokaribia nilibaki na tumaini moja la kijinga, na nalisema bila aibu: nilitaka niitwe na kompyuta. Mashine haina huruma, na huruma ndiyo iliyokuwa imenichosha. Asubuhi hiyo ingeniandikia Mama Chiriku kama inavyowaandikia wenzangu, nami ningelisoma jina langu mara moja, basi.

Kwenye kikao cha kupanga kampeni, bosi aliniuliza kwa sauti ya hospitalini kama ningependa mwaka huu kazi apewe mwingine. Nikamwambia kazi ni yangu. Tukapanga barua tatu: ya kwanza kwa waume na watoto, kuwakumbusha mapema wasije wakakimbilia maua dakika ya mwisho, ya pili ya punguzo, ya tatu asubuhi yenyewe, kwa akina mama. Nikaongeza nyingine, itangulie zote.

"Wapo ambao siku hii inawaumiza," nikasema. "Tuwaulize kwanza. Asiyetaka barua hizi abonyeze, tumtoe kwenye orodha, na tusimuulize sababu."

Macho yalimlowa bosi. "Umefikiria vizuri sana, dada."

Waya, mwenzetu anayetunza orodha ya wateja, mwembamba hadi tukampa jina hilo, aliinamisha kichwa. Walidhani najiandikia mwenyewe.

Barua hiyo ilitoka. Waliobonyeza walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia. Nililia kwa ajili yao, watu nisiowajua, nikiwa chooni na bomba nimelifungulia ili nisisikike. Mimi sikubonyeza.

Siku ya Mama tulikuja kazini sote, maana duka la vyombo halifungwi siku kama hiyo. Simu zikaanza kulia mezani. Mhasibu akasoma yake kwa sauti: "Mama Pacha, leo ni siku yako! Siku yangu wapi, na vyombo vya jana nimeviacha vinaniangalia?" Wakacheka. Dada wa usafi naye akaonyesha yake, Mama Bonge, anatabasamu mpaka fizi. Niliweka simu mbele yangu nikangoja. Nikaizima, nikaiwasha. Nikatafuta hata kwenye barua taka. Hakuna kitu.

Nikamwendea Waya. "Yangu haijafika."

Akajishika sikio. "Dada, wewe... wewe tulikutoa."

"Nani alibonyeza?"

"Mimi nilimwambia," bosi akasema nyuma yangu. "Nilijua kwa kazi zilivyo nyingi utakuwa umesahau kujitoa. Nilitaka kukuepusha, mpenzi wangu."

"Sikusahau."

"Lakini ile barua ingekuumiza."

"Kuniepusha na nini? Unafikiri isipokuja ndiyo namsahau?" Nilisikia sauti yangu inapanda na sikuizuia. "Nimemzaa. Nimemnyonyesha. Siku ya kwanza ya shule nimemsuka, akanigombeza njia nzima kwamba nimemkaza. Na siku ya mwisho nimemwosha kwa mikono hii. Baada ya yote hayo mnaniita dada. Dada wa nani? Mtaani wamenyamaza, mume wangu amenikataza, nikabaki na nyinyi na mashine yenu, na nyinyi nanyi mnanitoa kwenye orodha ya akina mama!"

Mhasibu aliifunika simu yake kwa kiganja.

"Nisamehe," bosi akasema. "Waya, mrudishe."

Waya akavuta kibodi. Akatafuta, akakuna kichwa. "Mtu akishatolewa, taarifa zake zinafutika. Inabidi nikujaze upya." Akajaza jina langu la kitambulisho, namba ya simu, anwani. Akafika kwenye ule mstari, vidole vikakwama hewani. Jibu alilijua. Aliwahi kumbeba mwanangu mabegani kwenye sherehe ya ofisi, akahojiwa mchana kutwa kwa nini yeye hana tumbo kama watu wazima wengine. Akanisogezea kibodi.

"Andika wewe."

"Hapana," nikasema. "Niite."

"Dada..."

"Hiyo barua iache, siitaki tena. Niite kwa mdomo wako, Waya."

Alimtazama bosi, bosi hakumsaidia. Akatazama dirishani. Aliponigeukia, machozi yalikuwa yanamtoka, mtu mzima yule, baba wa watu, na hakuyafuta.

"Mama Chiriku," akasema.

Nikashika ukingo wa meza.

"Abee," nikaitika.