Zamu ya Maji ya Redempta

Simu ya marehemu ililia mezani. Anold akaichukua kama mtu anavyochukua kijiko. Ujumbe ulikuwa ule ule: "Redempta, zamu yako ya maji ni kesho asubuhi. Jibu NDIYO."

Akajibu NDIYO, kisha akaendelea kula kiburu chake. Ndizi hazikuwa na ladha, maharage hayakuwa na ladha. Alikula tu, kwa kuwa sahani ilikuwa mbele yake.

Redempta, mkewe, alizikwa kabla ya Kwaresima hapo hapo kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kati ya migomba na kahawa. Tangu hapo Anold alikuwa akijibu kwa jina lake. Zamu za mfongo, yaani mfereji unaonywesha vihamba vyao vya Kibosho, zilikuwa zinapangwa na programu ya simu. Usipojibu, programu inampa maji jirani anayefuata. Ukilifuta jina, zamu nayo inafutika. Ukijiandikisha upya unahesabiwa mgeni, na mgeni huwekwa mkiani, anakofikiwa na matope tu. Migomba haijui msiba.

Majina ya wanawake yaliingizwa na kamati. Siku ya kuandikisha, wanaume wengi walikuwa wameshuka mjini au wamekaa kilabuni, na wanaofungua maji hasa ni akina mama. Hakuna aliyefikiri kwamba mke anaweza kutangulia.

"Baba Jovin, wapelekee ripoti waliotengeneza programu," alisema Yuditha, katibu wa kamati, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Hauko peke yako. Yohana kule juu anajibu kwa simu ya marehemu mama yake. Programu yenyewe ni huria, haina mwenyewe. Yeyote anaruhusiwa kuripoti kasoro."

"Hata mimi wa darasa la tano?"

"Kasoro haiulizi cheti. Wewe andika."

Akaandika. Jibu likaja: "Si kasoro. Programu inafanya kazi ilivyokusudiwa. Ripoti imefungwa."

Anold akavaa shati safi, akateremka hadi Njoro, mjini. Huko, nyuma ya duka la vifaa vya simu, vijana wawili waliitunza programu hiyo kwa kujitolea. Binti aliinuka alipomwona mlangoni.

"Shikamoo baba. Karibu. Naitwa Joyness, na huyu ni Mathew."

"Marahaba. Nani amefunga ripoti yangu?"

Mathew akakuna kidevu. "Ni ipi, mzee?"

"Ya Kibosho. Ya mke wangu."

"Aa. Ni mimi. Lakini mzee wangu, uliandika mstari mmoja tu: 'Programu yenu inamwita mke wangu.' Sasa mimi ningejuaje? Wake wote inawaita."

"Wangu amekufa."

Mathew akasema pole, Joyness akasema pole. Anold akasema ameshapoa, kama alivyokuwa akiwaambia wote.

"Tunaifungua tena," alisema Joyness, akivuta kompyuta. "Ila ripoti inataka hatua. Yaani mtu mwingine afanye nini, moja baada ya nyingine, mpaka kasoro hiyo hiyo imtokee na yeye. Tukishaiona hapa ndipo tunaitengeneza."

"Andika. Kwanza, oa."

Joyness akacheka. "Basi Mathew hafiki popote! Hatua ya kwanza tu imemshinda."

"Niache bwana," alisema Mathew, naye akicheka.

"Pili, mwandikishe mkeo kwenye zamu," alisema Anold. "Tatu, afe."

Kicheko kikakatika.

"Nne, kaa na simu yake, usubiri."

Joyness aliandika yote, neno kwa neno, bila kuinua macho. Hakulia. Anold akaona afadhali. Angelia, ingebidi ambembeleze.

Mathew alisoma zile hatua. "Mimi ni wa Kibosho pia," alisema. "Babu alipokufa maji yalikuja kihambani kama kawaida, wala hakuna aliyeuliza. Nikaja hapa nikaandika programu inayoyafunga maji kwenye jina la mtu. Sikufikiri kabisa."

Marekebisho yalikuja kiangazi kikiwa kimekaza. Chini ya ripoti Mathew alikuwa ameandika: "Mleta ripoti aondoe jina la marehemu, aone kama zamu imebaki kihambani. Akithibitisha, tutawapelekea watu wote."

Anold hakuliondoa. Ujumbe ulikuja, akajibu NDIYO kwa simu ya Redempta. Ukaja mwingine, akajibu tena. Yuditha akamfuata kihambani.

"Baba Jovin, wenzako wanakungoja. Yohana ananiuliza kila nikikutana naye."

"Ajaribu yeye basi."

"Aliyeripoti ni wewe. Unaogopa kuwekwa mkiani? Ikishindikana nitakutetea kwenye kamati."

"Siogopi mkia."

Yuditha alilitazama kaburi, akaaga.

Kwa majirani, Redempta alikuwa ameshakuwa "marehemu". Kwa watoto alikuwa "mama, Mungu amrehemu". Programu peke yake ndiyo iliyokuwa bado inamwita Redempta, na kumwambia kwamba kesho ana kazi.

Anold akanawa mikono, akaketi na simu yake, si ya Redempta, akalitafuta jina. Akabonyeza Ondoa. Programu ikauliza kama ana uhakika. Akabonyeza Ndiyo. Kidole kilikuwa kama cha mtu mwingine.

Zamu ilipofika, iliyolia ni simu yake mwenyewe. "Kihamba cha Anold, zamu yako ya maji ni kesho asubuhi. Jibu NDIYO." Akajibu.

Asubuhi alichukua jembe, akaondoa tope na magamba ya mgomba yaliyoziba mlango wa mfongo. Maji yakaingia. Yakapita kando ya kaburi, yakaenda kwenye migomba, kama yalivyokuwa yakienda siku zote. Akasimama humo hadi miguu ikauma kwa baridi. Akashangaa kidogo kwamba inauma.

Alipotoka aliketi kwenye jiwe, akaandika chini ya ripoti: "Imefanya kazi. Fungeni."

Ndani, simu ya Redempta ilikuwa kwenye chaji. Akaipita, akaenda kutafuta chai.